Nataka niende: namna Kifarsi kinavyoeleza nia

Teksi za Qom, mji mmoja wa Iran, hazimsubiri mtu afikiri. Dereva anapita polepole ukingoni mwa barabara akiita "Haram, Haram", yaani kwenye kaburi takatifu la mji huo, watu wanajibana watatu nyuma na mmoja mbele, gari linaondoka. Siku zangu za mwanzo katika mji ule, nikiwa na miezi miwili tu ya darasa la lugha kichwani, nilibanwa katikati kwenye kiti cha nyuma cha Peykan kuukuu, gari la Kiirani, nikaona mahali pangu pa kushukia panapita. Nikapaza sauti: "Āghā, mikhāham piyāde shodan!" Sentensi hiyo nilikuwa nimeishona tangu mtaa wa nyuma, kiraka kwa kiraka: "mikhāham", nataka, "piyāde shodan", kushuka garini. Dereva akanitazama kwenye kioo, akacheka bila ubaya wowote, akaniuliza: "Mikhāi piyāde beshi?", unataka ushuke? Akaja kusimama mbele huko.

Nikarudi kwa miguu na lile "beshi" likinizunguka kichwani. Darasani tulikuwa tumeshalisoma. Mwalimu aliliandika ubaoni chini ya jina refu, "mozāre'-e eltezāmi", nasi tukalikariri kama jina la dawa. Ila kitabu tulichopewa kiliandikwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza, na mimi nikawa naingia kwenye Kifarsi kwa mlango wa Kiingereza. Kitabu hicho kilimaliza kurasa nyingi kikieleza jambo ambalo mtoto wa Tanga analisema kabla meno hayajamaliza kuota. Laiti ningewaza "nataka nishuke" badala ya "nataka kushuka", ningeshukia nilipokuwa nashukia.

Na hapo ndipo kilipo kiini cha makala hii. Kiswahili kina njia mbili za kutaja jambo ambalo mtu amekusudia kulifanya: ya ku-, kama "nataka kwenda", na ya -e, kama "nataka niende". Kifarsi cha Iran cha leo kimeifunga njia ya kwanza, kimebaki na ya pili. Anayezungumza Kiswahili tayari anayo nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni kujua -e ya Waajemi inakaa wapi, na inaacha kutumika wapi.

Tuanze na umbo, kwa sababu umbo ni jepesi. Kiswahili hubadilisha mwisho wa kitenzi: enda, niende. Kifarsi huweka "be-" mwanzoni mwa kitenzi na nafsi mwishoni. Kwa kitenzi cha kwenda sura 6 ni hizi: "beravam" niende, "beravi" uende, "beravad" aende, "beravim" twende, "beravid" mwende, "beravand" waende. Linganisha na sura za wakati uliopo, ambazo huanza na "mi-": "miravam" naenda, "miravi" unaenda, na kuendelea. Kwa hiyo tofauti ya "naenda" na "niende" kwao ni tofauti ya "mi-" na "be-". Basi.

Mtaani maneno hayo hupungua unene. "Mikhāham beravam" ya vitabuni hutoka mdomoni ikiwa "mikhām beram". "Beguyam", niseme, huwa "begam". "Bedaham", nitoe au nimpe, huwa "bedam". "Beshavam", niwe kwa maana ya kugeuka kuwa, huwa "besham", na ndipo lilipotoka "beshi" la dereva wangu. Irabu nayo humfuata jirani: kwenye kitenzi cha kula hutasikia "bekhoram" bali "bokhoram", na kwenye kitenzi cha kuja, ambacho shina lake linaanza na irabu, "be-" inakuwa "bi-": "biyāyam", au mtaani "biyām", nije.

Jasho linatoka kwenye mashina. Kila kitenzi cha Kifarsi kina mashina mawili, la wakati uliopita na la wakati uliopo, na hali hii ya "be-" hutumia la pili. La kwanza utalipata kwa kukata "-an" kwenye jina la kitenzi: "raftan", kwenda, hutoa "raft". La pili mara nyingi halifanani nalo hata kidogo. Kuona ni "didan", lakini nione ni "bebinam". Kusema ni "goftan", niseme ni "beguyam". Kufanya ni "kardan", nifanye ni "bokonam". Kukaa ni "neshastan", nikae ni "beneshinam". Hakuna ujanja hapa. Ushauri wangu ni usikariri orodha ya mashina, kariri nia zako. Jiambie "mikhām bebinam", nataka nione. "Mikhām begam", nataka niseme. "Mikhām bekharam", nataka ninunue. Shina litakuja likiwa limebebwa na sentensi unayoihitaji dukani jioni hiyohiyo.

Sasa lile jina lililokuwa kama la dawa. "Eltezāmi" limetokana na Kiarabu, mzizi l-z-m, na mzizi huo sote tunaujua: ndio uliotuletea "lazima". Wanasarufi wa Kifarsi waliita hali hii ya kulazimiana, ya kufungamana, kwa sababu kitenzi chenye "be-" aghalabu hakisimami peke yake. Kimefungwa kwenye kamba ya neno lililotangulia. Neno hilo ndilo linalosema huyu mtu anataka, ana nia, ameamua, anatumaini au analazimika. Kitenzi cha nyuma kinataja tu kitendo ambacho bado kiko akilini, hakijagusa ardhi.

Na maneno ya mbele yanayobeba nia, mengi yatakuwa si mageni kwa sikio la mtu wa pwani. "Niyyat dāram" ni nina nia, nia ileile ya kabla ya swala na ya kabla ya saumu: "niyyat dāram ruze begiram", nina nia nifunge. "Qasd dāram" ni nina kusudi: "qasd dāram khāne bekharam", nakusudia ninunue nyumba. "Dar nazar dāram" ni kama kusema jambo liko machoni pangu, naliwazia. "Tasmim gereftam" ni nimeamua, ingawa kwa neno kwa neno ni "nimeshika uamuzi". "Sa'y mikonam" ni najitahidi, na aliyehiji au kufanya umra anaijua Sa'y, kule kwenda mbio baina ya Safa na Marwa. Mwajemi anaitumia hata kwa kujitahidi kuwahi basi. Yote haya yakishatajwa, kitenzi kinachofuata kinavaa "be-".

Hapa Kiswahili kinakusaidia kisha kinakutega. "Nataka niende", "napenda niende", "lazima niende", "ili niende", "huenda niende": vyote hivi vina ndugu zao kamili katika Kifarsi, "mikhāham beravam", "dust dāram beravam", "bāyad beravam", "tā beravam", "shāyad beravam". Lakini sisi husema "naweza kwenda", "nimeamua kwenda", "najaribu kwenda", na masikio yetu hayaridhiki sana na "naweza niende". Mwajemi hana ubaguzi huo. "Mitavānam beravam", naweza niende. Ukitafsiri, ile ku- yako usiifuate mpaka huko. Jiulize tu: kitendo hiki kimetokea, au bado kinawaziwa? Kama bado kinawaziwa, tia "be-".

Kuna mtego mwingine tunaojiwekea wenyewe. Vitenzi vyetu vilivyotoka Kiarabu havibadiliki mwisho: "najaribu, nijaribu", "narudi, nirudi", "nasamehe, nisamehe". Kwa hivyo mara nyingi Mswahili anatumia hali ya -e bila kuiona ikipita. Kifarsi hakina kitenzi kinachojificha namna hiyo kwa sababu ya asili yake. Neno liwe la Kiarabu, la Kituruki au la Kifaransa, Kifarsi kwa kawaida hulibandika kwenye kitenzi chepesi cha kienyeji, na kitenzi hicho ndicho kinachonyambuliwa.

Kitenzi chepesi ninachokipenda kuliko vyote ni "zadan", kupiga. Sisi tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga rangi. Wao nao wanapiga kengele wakimaanisha simu, "zang zadan". Wanapiga mswaki, "mesvāk zadan". Wanapiga rangi, "rang zadan". Mwenzangu wa bwenini, kijana wa Pemba, alipogundua hilo alicheka mpaka akakaa chini. Na si ajabu kubwa: "rangi" yenyewe tumeipata kwao, "simu" imetokana na "sim", waya, na "bandari" na "dirisha" nazo zilikuja na majahazi hayohayo. "Be-" inakwenda kwenye kupiga, haiendi kwenye jina: "mikhām mesvāk bezanam", nataka nipige mswaki. "Mikhāstam behet zang bezanam", nilitaka nikupigie simu.

Angalia mfano huo wa mwisho vizuri. "Mikhāstam" ni nilitaka, wakati uliopita. "Bezanam" imebaki vilevile. Nilitaka nikupigie. Hatusemi "nilitaka nilikupigia", nao hawasemi. Nia ya jana, ya leo na ya kesho hutumia "be-" ileile, na wakati unatajwa na neno la mbele tu. Watu wa lugha nyingi za Ulaya husumbuka sana hapa wakitafuta namna ya kurudisha kitenzi cha pili nyuma. Sisi hatuna cha kutafuta.

Wala hatuna cha kutafuta pale mtu anapotaka mwingine afanye. "Mikhāham beravi", nataka uende. Tofauti na "mikhāham beravam" ni ile silabi ya mwisho, kama ilivyo kwetu tofauti ya "ni" na "u". Pia maneno ya watu hupatikana kwa njia hii. "Goft miravad" ni alisema anakwenda, anatoa habari. "Goft beravad" ni alisema aende, anatoa agizo. Kati ya habari na agizo kuna "mi" na "be".

Raftan ni jina

Turudi kwenye kosa langu la teksi. "Mikhāham piyāde shodan" lina tatizo gani hasa? "Raftan", "didan", "shodan" na wenzao ni majina. Yanafanya kazi ya majina: yanakuwa mtenda katika sentensi, yanamilikiwa, yanafuata vihusishi. Hata ku- yetu ina tabia hiyo, ndiyo maana tunasema "kuimba kwake". Ila ku- yetu inajua pia kufuata kitenzi kingine na kukaa kama kitenzi. "Raftan" ya Iran haijui. Ukitaka kuitumia pamoja na nia, uipe nafasi ya jina: "qasd-e raftan dāram", nina nia ya kwenda. Ile "-e" ndogo katikati, inayoitwa ezāfe, ni kiunganishi chao cha "ya". Sentensi hiyo ni sahihi kabisa, imevaa koti kidogo, ni ya barua na ya taarifa ya habari. Ndani ya teksi utaonekana unasoma hotuba.

Kusema kweli si Kifarsi chote kilichoifunga njia hiyo. Tajikistan, ambako lugha hii huandikwa kwa herufi za Kirusi na jirani zao ni Wauzbeki, watu husema "raftan mekhoham", nataka kwenda, na hakuna anayecheka. Ningezaliwa Dushanbe dereva angesimama papo hapo.

Mantiki ya jina na nia huonekana vizuri zaidi kwenye vitenzi vya kuanza na kuacha. "Akaanza kuzungumza" ni "shoru' kard be harf zadan", na hapo jina la kitenzi linarudi. Kwa nini? Kwa sababu aliyeanza kuzungumza anazungumza. Kitendo kimeshatoka akilini kikawa tukio. Vivyo hivyo aliyeghairi: "az raftan monsaref shodam", nimeghairi kwenda. Nia imekufa, kilichobaki ni jina la safari. Lakini aliyeponea chupuchupu anarudi kwenye "be-": "nazdik bud biyoftam", nusura nianguke. Sisi nasi tunasema "nusura nianguke", kwa -e, ingawa kuanguka hakukuwa nia ya mtu. Kinachohesabiwa ni kwamba hakukutokea.

Kutaka kunapogeuka wakati ujao

Kitenzi "khāstan", kutaka, kina ukora wake. Kwanza maandishi: خواستن ina herufi vāv ambayo haisomwi. Kuna "khāstan" nyingine, خاستن, kuinuka, inayotamkwa vilevile bila herufi hiyo. Imla za shule nchini Iran zinaishi kwa vitu kama hivi.

Ukora mkubwa ni huu. "Mikhāham beravam" ni nataka niende. Ondoa "mi-", ondoa "be-" na nafsi ya kitenzi cha pili, tumia shina la wakati uliopita: "khāham raft". Sasa maana yake ni nitakwenda. Hakuna tena utashi wala tamaa ndani yake, ni wakati ujao mtupu, na ni wa kuandika zaidi kuliko kusema. Wanafunzi wengi huona huu ni uonevu: inawezekanaje kitenzi kimoja kiwe "nataka" asubuhi na "nita-" jioni?

Basi watazame kwao. Ile "-ta-" ya "nitakwenda" imetokana na "-taka". Tumeikata mkia katika sentensi za kawaida, lakini ikikutana na kirejeshi mkia unarudi: "atakayekuja", "siku nitakayofika". Humo "-taka-" imekaa nzima, na hakuna anayefikiri kwamba atakayekuja anataka kuja. Anaweza kuwa analetwa na pingu. Lugha mbili zisizo na undugu wa nasaba, moja ya Kibantu na nyingine ya ukoo wa Kihindi na Kiulaya, zimechukua kitenzi kilekile na kukifanyia jambo lilelile.

Na pale katikati, kabla kutaka hakujawa wakati ujao kamili, zimekutana pia. Wingu likitanda Qom, jambo la nadra katika mji ule mkavu, utasikia: "Mikhād bārun biyād." Mvua inataka kunyesha. Mvua haina nia, lakini Mwajemi anaipa "be-" ya nia, nasi tunaipa "inataka" ileile.

Kukataa na kuuliza

Kwenye kukanusha, "na-" inachukua nafasi ya "be-": "beravam" niende, "naravam" nisiende. Hazikai pamoja kamwe. Kama kwetu, mahali unapoweka ukanushi panabadilisha ujumbe. "Nemikhāham beravam", sitaki niende, ni mtu anayekataa safari. "Mikhāham naravam", nataka nisiende, ni mtu aliyekwisha kupanga kubaki. La kwanza ndilo utakalolisikia siku nyingi; la pili lina uzito, na ukilisema ujue utaulizwa kuna nini.

Halafu kuna "be-" isiyo na neno la mbele, ambayo kitabu chetu kiliiweka mwishoni kama kitu adimu. Si adimu. "Beram?" ni "niende?" ya mtu aliyesimama mlangoni akiomba ruhusa. "Che konam?" ni "nifanye nini?", na unaweza kuisema kwa huzuni au kwa kuinua mabega kama sisi. "Berim!" ni "twende!" Hakuna haja ya tafsiri ndefu, ni kubadilisha maneno tu. Angalia pia kwamba katika "che konam" ile "be-" imedondoka. Hutokea sana kwa kitenzi hiki cha "kardan", hasa kikiwa cha pili katika kitenzi cha maneno mawili: "mikhām kār konam", nataka nifanye kazi, au "bokonam" ukipenda. Masikio yatakuongoza kuliko kanuni.

Vitenzi viwili ni wakaidi, na ndivyo vinavyotumika zaidi. Kuwa, "budan", haichukui "be-" kabisa: niwe ni "bāsham", uwe "bāshi", awe "bāshad". Kuwa na kitu, "dāshtan", inakopa kwa mwenzake: "mikhāham khāne dāshte bāsham", nataka niwe na nyumba. Umbo hilo, "dāshte bāsham", kwa sura ni la kitendo kilichokwisha kutimia, kama "rafte bāsham", niwe nimekwenda. Lakini kwa kitenzi hiki kimoja linatumika kwa nia ya kawaida. Sisi ambao hatuna kitenzi kimoja cha kumiliki, tunaosema "niwe na", hatuna haki ya kushangaa.

Nia isiyohitaji "be-"

Sasa jambo ambalo ningependa mtu aniambie mapema. Baada ya kuijua hali hii nilianza kuipaka kila mahali kama samli. Kila nilichokusudia nikasema "mikhām" na "be-". Mwenzangu Mwirani akaniuliza siku moja kama nina shaka na mambo yangu.

Nia zina ngazi. Mtu aliyekata tiketi hasemi "mikhām beram Tehrān". Anasema "fardā miram Tehrān", kesho naenda Tehran, kwa "mi-" ya wakati uliopo. Jambo limekwisha, akili haina tena kazi nalo, kwa hiyo linatajwa kama tukio. "Mikhām beram" ni la aliyeamua moyoni lakini hajafunga begi. Kama safari imepangwa na watu wawili au na ofisi, kuna "qarār-e berim", tumepatana twende, na ikishindikana inakuwa "qarār bud biyād", ilikuwa aje, nasi twajua kwamba hakuja, au amechelewa. Na "shāyad beram", huenda niende, ni adabu ya mtu asiyetaka kusema hapana.

Anayeondoka saa hiyohiyo hutumia "mi-" kwa hatua yake na "be-" kwa lengo lake: "Miram nun bekharam." Sentensi hii ilikuwa ikisikika bwenini kila alfajiri, na mkate wenyewe ni sangak, mrefu kama mkono, unaookwa juu ya vijiwe vya moto na kubebwa mikononi ukiwa bado unaunguza. Kuenda ni tukio, viatu vimevaliwa. Kununua ni nia. Foleni ndefu, huenda mkate ukaisha. Kiswahili kinasema "naenda nikanunue mkate", na ile "-ka-" pamoja na -e inafanya kazi hiyohiyo.

Nia iliyoshindwa ina mlango wake. "Bāyad beram", lazima niende, bado kuna nafasi. "Bāyad miraftam", ilinipasa niende, na sikwenda. Hapo "be-" imeondoka kwa sababu hakuna kinachosubiriwa tena, na Kifarsi kimeazima "mi-" ikiwa na wakati uliopita kueleza kilichopotea. "Kāsh" nayo, laiti, hufuata njia hizo mbili: "kāsh biyād" kwa anayesubiriwa, "kāsh miyumad" kwa ambaye hakuja.

Mbali na nia za kufanya kuna nia njema, na huko "be-" na "na-" zimezeeka ndani ya salamu kiasi kwamba wenyewe hawaziangalii tena. Anayeshukuru husema "dast-e shomā dard nakonad", mkono wako usiume. Anayepita mbele ya mtu aliye kazini humwambia "khaste nabāshid", usichoke. Akitajwa marehemu, "khodā biyāmorzad", Mungu amghufirie. Likitajwa balaa, "khodā nakonad", Mungu asijalie. Mkubwa wa heshima huombewa kwamba kivuli chake kisipungue. Sisi tuna "uwe na siku njema", "Mungu akujalie", "ulale salama", zote kwa -e, zote bila "nataka" mbele yake.

Mwezi wa nne au wa tano hivi wa kukaa kwangu nilipanda tena teksi ya Haram. Sikutunga chochote njiani. Mahali pangu palipokaribia nilisema alilolisema mama mmoja aliyeshuka kabla yangu: "Hamin jā piyāde misham." Nashuka hapahapa. Bila kutaka, bila "be-", kwa sababu mtu aliyeshika kitasa cha mlango hana nia tena, anashuka. Gari likasimama. Nikatoa nauli, nikamwambia dereva "khaste nabāshid". Naye bila kugeuka, jicho likiwa limeshamwona abiria mwingine ng'ambo ya barabara, akajibu: "Salāmat bāshi."

Uwe na afya.